Chumvi ya jikoni la shule: namna ya kuilinda iodini hadi ifike kwenye sahani ya mtoto

Mimi ni mpishi wa shule ya msingi huku Eastlands, Nairobi. Sufuria zangu hulisha watoto mia tatu, na siku nyingi kilichomo ni githeri, au wali kwa ndengu. Naandika haya kwa wapishi wenzangu, kwa walimu wanaoshika ufunguo wa stoo, na kwa mzazi anayepikia watoto wake wawili watatu kwenye mtungi wa gesi wa kilo sita. Kazi ya kutia iodini kwenye chumvi si yetu, kiwanda kimeshaifanya. Yetu ni kutoipoteza. Wengi tunaipoteza bila kujua, kwa sababu haina rangi wala harufu, na githeri iliyoikosa ina ladha ile ile ya githeri iliyo nayo.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji mikrogramu 120 za iodini kwa siku. Mtu mzima anahitaji 150, na mama mjamzito au anayenyonyesha 250. Ni kiasi kidogo cha kuchekesha: iodini yote anayoihitaji mtoto tangu afikishe miaka sita hadi atimize kumi na mitatu haifiki nusu gramu. Lakini sharti ije kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo chini ya kongomeo, huitumia kutengeneza homoni zinazoendesha ukuaji, joto la mwili, mapigo ya moyo na kazi ya ubongo. Ikikosa malighafi hiyo, tezi hutanuka ikijaribu kunasa kila chembe inayopita kwenye damu. Kutanuka huko ndiko rovu.

Shosho wangu alikuwa nalo. Alizaliwa na kuzeekea kwenye miinuko ya Murang'a, na picha zote tulizo nazo amejifunga leso shingoni, hata ile ya harusi ya mjomba. Udongo wa nyanda za juu umeoshwa na mvua tangu dahari, iodini ikateremka na mito hadi baharini, hivyo mahindi na maharagwe yanayomea huko huwa na iodini haba hata shamba likistawi namna gani. Sisi wa mjini, hata tukiishi ghorofa ya saba mtaa wa Pipeline, tunakula mazao ya mashamba hayo hayo. Kenya ilianza kutia iodini kwenye chumvi miaka ya 1970, baadaye ikawa sheria, na leo karibu kila nyumba ambayo chumvi yake inapimwa hukutwa na iodini. Ndiyo maana wasichana ninaofanya nao kazi hawajawahi kuona rovu kubwa kwa macho. Ndiyo maana pia hawaoni sababu ya kufunika kopo.

Dukani

Chumvi yetu nyingi hutoka pwani, Magarini kule kaunti ya Kilifi, ambako maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana na kuachwa yakauke juani. Watu wakisikia bahari hudhani iodini imo tayari. Haimo, au imo kidogo mno isiyofaa kitu. Kiwanda ndicho hunyunyizia potasiamu iodeti baada ya kuisafisha. Kwa hiyo ukinunua chumvi ambayo haikupita kwenye hatua hiyo, umenunua ladha peke yake.

Pakiti nzuri ina maneno yanayosema imetiwa iodini, ina alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na mshono wake haujaguswa. Mimi huibonyeza kwa kidole gumba. Chumvi ikitiririka ndani, naichukua. Ikiwa imeshikana bonge moja gumu, imeshapata unyevu mahali fulani njiani, na unyevu ndio adui wa kwanza. Naangalia pia ilikokaa: bando lililopangwa nje ya duka la jumla, jua la Januari likiliwakia tangu asubuhi, naliacha hata bei ikishuka. Sokoni kuna chumvi ya mawe ya kulambisha ng'ombe, na kuna ile ya magunia inayouzwa kwa wenye ngozi na viwanda. Ni rahisi, na mtu wa manunuzi anayetaka kubakiza kitu kidogo mfukoni atakuletea akuapie kwamba chumvi ni chumvi. Usiipokee. Mwambie aandike kwenye kitabu cha stoo kwamba umeikataa, kisha utaona kama atarudi nayo.

Kingine cha dukani ni ile ya rangi ya waridi. Mama mmoja wa kamati ya wazazi alitupendekezea tuhamie kwayo kwa kuwa ni ya asili na haina kemikali. Nilimjibu kwa heshima, maana ndiye hutupigania tupate mafuta kwa wakati. Rangi ile inatokana na madini ya chuma kiasi kidogo sana, na pakiti nyingi za namna hiyo hazikutiwa iodini kabisa. Soma kibandiko. Kama neno iodini halimo, hiyo ni chumvi ya kupamba meza. Bei yake huwa mara nyingi zaidi ya pakiti ya kawaida, na mtoto haambulii hata robo ya faida ya ile ya duka la mtaani.

Nunua pakiti ndogo ndogo kuliko mfuko mkubwa mmoja. Mfuko wa kilo nyingi ukifunguliwa hukaa wazi siku nyingi, lakini pakiti ya gramu 200 au ya nusu kilo huisha kabla hewa haijaizoea. Tofauti ya bei ni ndogo.

Stoo

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban asilimia 20 ya iodini hupotea kati ya kiwanda na jikoni, na asilimia 20 ya iliyobaki hupotea katika kupika. Hayo ni makadirio ya mahali ambapo mambo yamekwenda vizuri kiasi. Stoo ya mabati yenye jua na mvuke inaweza kufanya vibaya zaidi ya hapo. Potasiamu iodeti ni ngumu kuliko iodaidi inayotumika katika nchi za baridi, na ndiyo sababu huku kwetu hutumika hiyo, lakini nayo ina mwisho wa uvumilivu.

Chumvi yangu haikai sakafuni. Ipo juu ya rafu ya mbao, mbali na ukuta unaotoa jasho msimu wa masika, na mbali na mlango wa jikoni ambako mvuke wa sufuria huingia. Kila pakiti inapofika naiandika kwa kalamu nene tarehe ya kuipokea, na mpya huwekwa nyuma ili ya zamani itoke kwanza. Inayotumika iko kwenye ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko kinachobana. Siimwagi chumvi ndani ya ndoo. Naiingiza pakiti nzima, nimekata kona moja tu, nikaikunja na kuibana kwa kibanio cha nguo. Hivyo hata afisa wa afya ya umma akija ghafla, kibandiko kipo na tarehe ipo. Ndani ya ndoo kuna kijiko kikavu cha plastiki ambacho hakitoki humo. Ukiona mtu anachota chumvi kwa mwiko uliotoka kwenye mchuzi, mkemee hapo hapo, awe ni nani.

Sehemu mbaya kuliko zote za kuweka chumvi ndipo wengi huiweka: juu ya dirisha la jikoni, kwenye bakuli lisilo na kifuniko, karibu na moto, ili mkono uifikie upesi. Jua, joto na mvuke vyote kwa pamoja. Nyumbani kwako ukibadilisha hilo moja, umefanya kazi kubwa.

Julai, baridi ya Nairobi inapoganda na nguo hazikauki, chumvi hushika unyevu hata kwenye kopo. Kuna wanaoianika juani, na kuna wanaoikaanga kwenye kikaango kikavu hadi iwe nyepesi tena. Usifanye lolote kati ya hayo. Wala usiioshe kwa sababu umeona vumbi jeusi ndani yake, kwani iodini imekaa juu ya punje, maji ya kwanza yanaondoka nayo.

Sufuriani

Hapa ndipo mpishi anaamua. Githeri yangu hukaa motoni saa mbili na zaidi. Nikitia chumvi mwanzoni, iodini inachemka muda wote huo na sehemu yake inaondoka na mvuke. Nikiitia kwenye maji ya kuchemshia halafu nikayamwaga, nimelisha mtaro.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Jioni mahindi na maharagwe yanachaguliwa na kulowekwa. Asubuhi maji ya kulowekea yanamwagwa, yanawekwa mengine, na yanachemshwa bila chumvi hata punje moja hadi harage liminyike kati ya vidole viwili. Kwenye sufuria nyingine vitunguu vinakaangwa, nyanya zinafuata, kisha karoti na viazi, na githeri inaingia na mchuzi wake. Viazi vikikaribia kuiva, nachota maji ya vuguvugu kwenye jagi, nayeyusha chumvi yote niliyoipima, nazungusha jagi juu ya sufuria nikimimina huku mwenzangu akikoroga kutoka chini. Kuyeyusha kuna maana kwenye sufuria kubwa: chumvi kavu ikitupwa kwa kiganja huangukia upande mmoja, na mtoto wa mwisho kwenye foleni anapata githeri chapwa wakati wa kwanza amekunywa maji mara tatu. Nafunika dakika kumi hivi, napunguza moto, napakua.

Wali hauna shida, kwa kuwa maji yote yenye chumvi hunywewa na mchele. Tambi zinazochujwa ndizo zenye hasara. Sukuma wiki na kabeji zitie chumvi zikiwa karibu kuepuliwa.

Sasa magadi. Najua. Gharama ya kuni na makaa inaumiza, na magadi yanalainisha mahindi upesi. Lakini magadi si chumvi na hayana iodini ya kuongezwa, tena yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharagwe. Yanaacha pia ladha fulani ya chumvichumvi, mpishi akionja anaona inatosha na kupunguza chumvi halisi. Loweka usiku kucha. Muda utakaookoa unatosha.

Unga wa kukolezea mchuzi na vile vidonge vya supu ni hadithi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Sehemu kubwa ya kilichomo ni chumvi. Ukikoleza kwavyo ulimi unaridhika, mkono haufiki tena kwenye ndoo nyeupe, na usipoona imeandikwa kwamba chumvi iliyotumika ina iodini, huna cha kukuhakikishia. Mimi nimeviacha, natumia dhania na tangawizi. Siku ya kwanza watoto walinung'unika, hasa wale wa gredi ya sita ambao hunung'unikia kila kitu.

Kupima, si kukisia

Weka hesabu hii ukutani. Gramu 2 za chumvi kwa kila mtoto kwa chakula cha mchana, basi. Ndiyo kusema pakiti moja ya gramu 200 kwa watoto mia, na kwa mia tatu wangu ni pakiti tatu. Sina haja ya mizani.

Kwa nini 2? Kwa sababu mtu mzima anashauriwa asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na mtoto apungue hapo kulingana na mwili wake. Mtoto huyu atakula mkate asubuhi na mboga jioni, na hapo getini kuna smoki, chipsi, na maembe mabichi ya pilipili na chumvi. Mchana wangu hauwezi kumaliza fungu lake lote.

Tufanye chumvi iliyonifikia bado ina miligramu 30 za iodini kwa kilo. Gramu 2 zinabeba mikrogramu 60. Toa ile asilimia 20 ya kupotea jikoni, zinabaki kama 48, yaani sehemu mbili kati ya tano za mahitaji ya siku, kwa mlo mmoja. Sasa tufanye ilikaa vibaya ikashuka hadi 15, kiwango ambacho kimataifa huhesabiwa kuwa cha chini kabisa cha kukubalika jikoni mwa mtu. Mtoto anapata 24. Chakula ni kile kile, chumvi ni ile ile kwa ulimi, na nusu imepotelea kwenye stoo. Jibu si kuongeza chumvi. Shinikizo la damu halisubiri mtu azeeke ndipo lijengwe. Jibu ni ndoo yenye kifuniko.

Kwa shule ambazo chakula huletwa kutoka jiko la pamoja, kama zilizo kwenye mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, ambapo mtoto hulipa shilingi tano na kugusisha bangili yake ya malipo, mwalimu hana sufuria ya kusimamia. Anaweza kuuliza tu: chumvi gani, inatiwa saa ngapi. Wapishi wanaojua kazi hawakasiriki kuulizwa.

Ikiwa afisa wa afya ya umma atakuja na kichupa cha matone, mpe pakiti iliyofunguliwa na iliyofungwa zote mbili. Tone lina wanga. Likikutana na iodini chumvi hugeuka buluu ya zambarau. Lisipogeuka, kuna tone la pili lenye asidi la kujaribia tena, kwa kuwa chumvi nyingine huficha iodini yake. Kipimo hiki kinajibu ndiyo au hapana. Kadi ya rangi inayokuja nacho hutamanisha mtu kusema hapa kuna kiasi kadhaa, lakini kiasi hupimwa maabara. Na video za kupima chumvi kwa ndimu na kiazi zinazozunguka kwenye simu sizitumii kuamua lolote.

Sukuma, kabeji na muhogo

Mzazi mmoja aliniuliza kama tuache sukuma wiki, kwa kuwa amesikia inaleta rovu. Ni kweli kwamba jamii yote ya kabeji ina vitu vinavyoisumbua thairoidi, na muhogo usioandaliwa vizuri huacha sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoshindana na iodini kuingia kwenye tezi. Ila madhara hayo huonekana pale ambapo iodini yenyewe ni haba na chakula ni hicho hicho kila uchao. Kupika hupunguza sehemu kubwa. Mtoto anayepata chumvi yenye iodini na ale sukuma yake kwa amani. Muhogo menya, loweka, chemsha, mwaga maji, kisha ndipo utie chumvi.

Ninachokihofia zaidi ni upungufu wa damu. Tezi inahitaji madini ya chuma ili kuifanyia kazi iodini, na watafiti waliofuatilia watoto wenye rovu nchini Côte d'Ivoire walikuta kwamba wenye upungufu wa chuma hawakufaidika na iodini sawa na wenzao. Kwa hiyo ndengu, maharagwe, terere na kipande cha chungwa pembeni ni sehemu ya mpango huu huu. Samaki wa baharini ana iodini nzuri lakini bei yake Nairobi mnaijua. Omena ni wa ziwani, mle kwa faida zake nyingine. Maziwa na mayai husaidia kutegemea mnyama alilishwa nini.

Kumwangalia mtoto

Kwa macho huwezi kumtambua mtoto mwenye upungufu mdogo. Anaweza kuwa mchangamfu, mnene, na wa kwanza kwenye foleni. Rovu ndilo huonekana, nalo hukua taratibu.

Ukitaka kuangalia, mkalishe akitazamana nawe, kichwa kikiwa wima kama kawaida, mpe funda la maji ameze. Tezi hupanda na kushuka anapomeza. Wahudumu wa afya hutumia kipimo rahisi: kila upande wa tezi ukiwa mkubwa kuliko kipande cha mwisho cha kidole gumba cha mtoto mwenyewe, si chako, hilo ni rovu. Likiguswa tu bila kuonekana ni daraja la kwanza, likionekana kichwa kikiwa wima ni la pili. Lakini usimtangaze mtoto mbele ya darasa, na usimpe jina la ugonjwa. Uvimbe wa shingo unaweza kuwa matumbwitumbwi, tezi za kawaida za mafua, hata kifua kikuu. Mpeleke kituo cha afya. Usimnyweshe iodini ya kusafishia vidonda, wala matone yanayouzwa mitandaoni, wala usimsugue kwa chochote.

Kuna maabara zitakazokupimia iodini kwenye mkojo wa mtoto wako mmoja. Okoa pesa zako. Kiwango cha mkojo hupanda na kushuka kutegemea alichokula jana, na kipimo hicho kimetengenezwa kwa makundi: wanapima watoto wengi wa shule, wanatafuta wa katikati, na akiwa kati ya mikrogramu 100 na 299 kwa lita, jamii hiyo inahesabiwa kuwa na iodini ya kutosha. Watoto wa shule ndio huchaguliwa kwa sababu wanapatikana mahali pamoja na hula kile ambacho nyumba zao hula. Wakija shuleni kwenu na vikopo, wazazi wasiogope.

Na masomo je?

Walimu huniuliza hili kuliko lolote. Mwaka 1917 madaktari wawili, David Marine na O. P. Kimball, walianza kuwapa wasichana wa shule za Akron, Ohio, kule Marekani, iodini kidogo kwa vipindi. Kati ya wasichana 2,190 waliokunywa, watano tu walipata uvimbe wa tezi. Kati ya 2,305 ambao hawakunywa, walikuwa 495. Uswisi ikaanza kutia kwenye chumvi mwaka 1922, Michigan ikafuata 1924. Hiyo ilikuwa habari ya shingo. Habari ya kichwa ilikuja baadaye sana: nchini Albania watoto 310 wa miaka 10 hadi 12, waliokuwa na upungufu, waligawanywa, nusu wakapewa kidonge cha mafuta yenye iodini na nusu kidonge kitupu. Baada ya wiki 24, waliopata iodini walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya wepesi wa kufikiri na kutambua vitu. Matokeo yalichapishwa 2006. New Zealand nayo ilipata nafuu ya namna hiyo, ingawa ndogo, kwa watoto ambao upungufu wao ulikuwa mdogo, kisha Septemba 2009 ikaagiza mikate itengenezwe kwa chumvi yenye iodini.

Hata hivyo sitaki mwalimu yeyote amwambie mzazi kwamba pakiti ya chumvi itampandisha mtoto alama. Watoto hao walikuwa na upungufu. Ambaye hana upungufu hapandi kitu. Anayesinzia darasani huku Eastlands huenda hakula jana usiku, au ana minyoo, au haoni ubao. Na kuna sehemu ambayo jiko langu haliifikii: ubongo unaojengwa mimba ikiwa changa hutegemea iodini ya mama, na ukikosa wakati ule haurudishwi shuleni. Kwa hiyo ninapomwona mzazi mjamzito amekuja kumchukua mtoto, namuuliza kuhusu chumvi yake kabla ya kumuuliza kuhusu karo ya chakula.

Kupita kiasi nako kupo. Sehemu za Somalia, maji ya visima yana iodini nyingi, na watoto wamekutwa nayo kupita kiasi bila chumvi kuhusika. Tezi haipendi wingi kama isivyopenda uhaba. Kwa mtoto wa Nairobi anayekula kawaida, chumvi ya pakiti iliyopimwa haitamfikisha huko. Vidonge vya kujinunulia pamoja na chumvi vinaweza.

Imebaki chumvi iliyolowa, ambayo kila stoo hupata, hata ukijitahidi vipi, mvua ya Aprili ikipata tundu kwenye bati. Siirudishi kwenye ndoo. Naiandika kwenye kitabu kama hasara, mwalimu anatia sahihi, kisha inakaa kwenye kopo lake karibu na bomba. Tunaiyeyusha kwenye karai la maji, sukuma inalala humo dakika chache hadi wadudu watoke, inasuuzwa mara mbili na kukatwa. Ya kupikia inafunguliwa pakiti mpya.